Kimya cha Mheshimiwa Debe

Jumatatu, 5 Mei

Tumerekodi vipande vitatu vya kipindi leo. Cha nne kimeharibiwa na mvua. Ghala hili lilikuwa la korosho zamani na paa lake ni bati tupu, kukinyesha hakuna sauti inayosikika. Tumekaa tukingoja anga litulie. Watu wanakunywa chai. Mimi nazunguka nikitafuta wa kumgombeza.

Nikampata. Omari, mwigizaji wetu mkuu, amesahau maneno. Si maneno mapya, ni yale yale ya Mheshimiwa Debe ambayo kila mtoto wa Malindi anayajua: "Mimi siibi. Natunza tu." Miaka kumi na moja anayasema. Leo amesema "Mimi siibi," halafu kimya. Akaifungua droo ya meza, akatazama ndani, akaifunga. Macho ya mtu aliyeingia chumbani asikumbuke alifuata nini. Wafanyakazi wakaangua kicheko. Nikamfokea mbele yao wote. Akaniomba radhi kwa adabu, kama anayemwomba radhi mtu asiyemjua. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Dama, mhariri wetu wa picha, amekikata kile kimya cha Omari. Nimemwambia akirudishe. Akasema kinamwaibisha mzee. Nikamwambia ndiyo kazi yetu, kuaibisha.

Nimekitazama mara sita. Kinachekesha. Hakuna nilichokiandika mwaka huu kinachochekesha hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Kimerushwa jana. Leo sokoni muuza nazi kanionyesha: kafungua mfuko, katazama ndani, kafunga. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Vijana wanaigiza hivyo hivyo mtandaoni. Mkuu wa vipindi kapiga simu kutoka Nairobi. Mwezi uliopita alikuwa ananiambia kipindi chetu, *Wadi Yetu*, kimechoka, siasa za kaunti hazina tena mtazamaji. Leo sauti ya asali. "Hicho kimya, Karisa. Endelea nacho."

Hakunisifu mimi. Kakisifu kimya.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Tulianza wawili, mimi na Omari, mimi mtoto wa Vitengeni na yeye wa Mambrui, tukichekesha watu kwenye harusi. Mimi nilitunga yote. Mheshimiwa Debe nilimtunga mimi: mwakilishi wa wadi mwenye suti kubwa na kichwa kitupu. Nikamwigiza mimi kwanza. Watu wakatabasamu. Siku moja nikaumwa, Omari akavaa suti ile, na ukumbi mzima ukalia kwa kicheko. Tangu siku hiyo mimi niko nyuma ya kamera. Wananiita mwongozaji mahiri. Nimemwonea wivu mtu huyu kila siku ya kazi, na kila Idi nimekula biriani kwake.

Alhamisi, 15 Mei

Omari kaja kwangu Barani asubuhi, viatu vimejaa matope. Jana alikuwa akirudi kwake Mambrui kwa miguu kutoka darajani Sabaki, akapotea. Njia aliyozaliwa nayo. Kasimama katikati ya barabara asijue baharini ni upande gani. Mwenye pikipiki ndiye aliyemfikisha. Yule alimfahamu, akadhani anafanya mzaha, akamcheka njia nzima.

Akasema, "Ndugu yangu, usimwambie Maimuna. Wallahi ataniweka ndani kama kuku."

Nikamwahidi mkewe hatajua. Nikampa chai. Alipoondoka nikakaa nikaandika kipande: Mheshimiwa Debe apotea akienda nyumbani kwake mwenyewe, auliza njia kwa wapiga kura aliowaahidi barabara. Kimetoka chote kwa mkao mmoja. Sijaandika hivyo kwa miaka.

Jumanne, 20 Mei

Tumekirekodi. Sikumpa Omari maandishi. Nilimwambia tu, "Toka hapa, nenda kwako." Na usiku wa kuamkia leo nilikuwa nimewapanga waigizaji wengine: kila mmoja amwonyeshe upande wake, na kila mmoja amwite kwa jina tofauti.

Kaenda kushoto. Karudi. Kaenda kulia. Kamshika mkono mwigizaji mmoja akamwuliza taratibu, "Mwanangu, mimi natoka wapi?" Mwigizaji kashindwa kujizuia, kacheka. Mimi pia nilicheka.

Ijumaa, 30 Mei

Maimuna kaja ghalani. Mke wa Omari si mtu wa kuja kazini kwa watu. Kasimama mlangoni na buibui lake, hakukubali kiti.

"Shemeji," akasema, "Omari ana jambo."

Anasali alasiri mara mbili, mara tatu. Akiambiwa keshasali anakasirika, na Omari hajapata kumkasirikia. Juzi kamwita kwa jina la dadake marehemu, akamwuliza mama karudi shambani? Maimuna anataka nimpe mapumziko aende kwa daktari.

Nikamwambia ni uchovu. Nikamwambia sitaki asumbuke na matatu na foleni, nitampeleka mwenyewe Mombasa kwa daktari bingwa. Machozi yakamtoka. Akasema Mungu anilipe.

Nilikuwa na vipande vinane vilivyobaki. Ndivyo nilivyokuwa navifikiria wakati ananiombea.

Alhamisi, 12 Juni

Mombasa. Daktari ni mama wa makamo, mpole, hatazami kipindi chetu. Kamwuliza Omari leo ni siku gani. Kamwambia ataje vitu vya jikoni. Omari akataja mbuzi ya kukunia nazi, kinu, akarudia kinu, akarudia kinu. Kisha akamgeukia daktari kwa sauti ya Mheshimiwa Debe: "Jikoni siingii, mama. Nina kamati." Daktari akacheka. Nikaona jinsi Omari anavyofanya. Akikwama, anajificha ndani ya Debe.

Baadaye daktari kaniita peke yangu. Nilikuwa nimeandikisha kwamba mimi ni ndugu yake. Ni ubongo. Unakufa polepole na hakuna dawa ya kuurudisha. Apumzike. Akae na watu anaowajua, mahali anapopajua. Asishtuliwe, asiwekwe kwenye umati. Mkewe aelezwe leo leo. Akanipa barua.

Nimeikunja nikaitia mfukoni.

Tulipofika Kilifi Omari akataka tusimame. Kanunua korosho, kanipa mimi nyingi, yeye chache. Akaniuliza, "Kasemaje?"

"Uchovu," nikamwambia. "Na presha imepanda kidogo."

Alifurahi. Alifurahi mpaka akapiga dashibodi kwa kofi. "Nami nilidhani nawehuka!" Akaimba njia nzima hadi Malindi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia Maimuna vile vile. Uchovu na presha. Apunguze chumvi. Kaleta kuku mzima wa kupaka, bado wa moto, kwa shukrani. Nimekula paja. Lilikuwa tamu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Barua nimeiweka kwenye sanduku la vyeti.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemfukuza Dama.

Kaniita asubuhi kwenye chumba chake. Picha imesimama kwenye kioo cha kompyuta: Omari kashika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe.

"Ha-haigizi, bwana Karisa. Angalia macho. Huyu mtu anaogopa."

Nikamwambia kazi yake ni kukata, si kutibu. Akasema hatakata tena hata kimoja mpaka mzee apelekwe hospitali. Nikamwambia keshapelekwa. Akaniuliza, "Na wa-wakasemaje?"

Ana kigugumizi, Dama. Kidogo tu, akiwa na hasira. Nikatoka naye hadi ghalani, nikawaita watu wote, nikamwigiza. "Wa-wa-wakasemaje?" Mabega, shingo, namna anavyofumba jicho moja neno likikwama. Nimewahi kuwa mwigizaji mzuri. Watu wakacheka. Walicheka kwa sababu mimi ndiye ninayewapa kazi, lakini walicheka.

Dama kachukua mkoba wake na sweta lake. Miaka saba amekaa chumba kile. Sweta lilikuwa la nini kwenye joto hili, sijui.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani kwa muda mfupi. Mchana nimekula samaki, changu wa kukaanga. Nimelala. Hakuna zaidi.

Jumatano, 16 Julai

Nairobi wanataka kipindi cha mwisho wa msimu kirushwe moja kwa moja, ukumbini, mbele ya watu. Hakuna kukata. Hakuna kurudia. Nimekubali kabla mkuu wa vipindi hajamaliza kusema.

Wananchi wamhukumu Mheshimiwa Debe. Hicho ndicho kipindi. Ashtakiwe kwa barabara, kwa zahanati, kwa kisima kikavu. Ajitetee mwenyewe. Hana maandishi. Nimemwambia aseme chochote kinachomjia.

Akaniuliza, "Na kisiponijia?"

"Basi kaa kimya. Wanakipenda kimya chako."

Kaniamini. Ananiamini tangu tuna miaka kumi na tisa. Nimempelekea Maimuna kadi ya kiti cha mbele. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Najua. Nilitaka amwone mumewe akikwama.

Jumamosi, 26 Julai

Saa kumi alasiri. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Joto, watu wakijipepea kwa kadi, watoto mabegani mwa baba zao.

Omari katoka na suti ile na tai nyekundu inayofika magotini. Makofi. Dakika za mwanzo alikuwa bora kuliko nilivyopata kumwona maishani. Mwanamke akamshtaki kwa kisima, naye akajibu kwamba kisima kipo, maji ndiyo yamesafiri kikazi. Hilo sikulitunga mimi. Hakulitunga mtu. Lilimjia tu. Nikasimama nyuma ya kamera nikaona wivu ule ule, mzima, kama siku ya kwanza.

Kisha watu wakaanza kuitana, ukumbi mzima, upande huu "Siibi!" na upande ule wakingoja amalizie. "Siibi! Siibi!" Wanapiga viti. Akafungua mdomo. Akatazama ukumbi. Akatazama suti yake, akashika tai, akaifuata kwa mkono mpaka mwisho wake kama anayetafuta imefungwa wapi. Wakacheka. Akarudi nyuma hatua moja. Wakacheka zaidi.

Akaanza kunitafuta. Taa zinamwakia machoni, hanioni. Akasema, si kwa sauti ya Debe, kwa sauti yake: "Karisa? Karisa, watu hawa ni nani? Twende nyumbani."

Ukumbi ukalipuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo, Debe anamwita mwongozaji wake amwokoe. Mwenye kamera akanigeukia aone ninasemaje.

Nikamwashiria asogee. Karibu. Karibu zaidi.

Suruali ikalowa. Kwenye kioo mbele yangu niliona doa likishuka mguuni, na nikasikia kicheko ambacho sijapata kukisikia, watu wanalia, watu wanaanguka vitini. Nami mkono wangu bado uko hewani. Karibu zaidi.

Maimuna ndiye aliyepanda. Kapanda ngazi polepole, kainama, kavua leso aliyojifunga, kamfunga mumewe kiunoni kama mtu anavyomfunga mtoto baada ya kumwogesha. Kamshika mkono. Wakashuka. Watu wakasimama wakapiga makofi, walidhani na yeye ni mwigizaji.

Walipita pale niliposimama. Maimuna akasimama.

"Ulijua?"

"Sikujua, shemeji."

Omari akaniuliza kama alifanya vizuri.

Jumatatu, 28 Julai

Simu haipoi. Kile kipande kimefika nchi za watu. Wengine wamekitia muziki. Mkuu wa vipindi kasema hajaona kitu kama kile tangu azaliwe.

Saa tano Maimuna kapiga. Kampeleka Omari hospitali ya hapa, na daktari wa hapa kampigia yule wa Mombasa.

"Barua iko wapi, Karisa?"

Hakusema shemeji. Miaka ishirini na tisa hajapata kuniita kwa jina.

Nikasema nimeipoteza. Nikasema sikuilewa, ilikuwa ya kidaktari. Nikasema nilitaka kumlinda asihuzunike. Akakata simu.

Sanduku la vyeti liko chini ya kitanda. Ningeweza kulifungua muda wowote.

Jumatano, 30 Julai

Watu wameanza kuelewa. Kuna aliyeandika kwamba tulimcheka mgonjwa. Kuna wanaoniuliza mimi.

Nimekwenda redioni. Nikasema hatukujua, hata familia haikujua. Nikasema Omari ni ndugu yangu kabisa. Nikalia. Nililia vizuri: sauti ilikatika pale pale nilipotaka ikatike, na machozi yakaja yenyewe. Mtangazaji kalia pia. Wasikilizaji walipiga simu kunipa pole mpaka kipindi kikaisha.

Nje ya kituo Dama alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Labda alikuwa anapita tu. Kanitazama. Sikuvuka.

Alhamisi, 14 Agosti

Wanataka msimu mwingine. Nani atakuwa Debe? Nikawaambia ninaye. Nikavaa suti mwenyewe. Bado ina harufu ya Omari, udi na jasho. Nikafunga ile tai. Nikasimama mbele ya kamera yangu, nikafanya yote: kisima, kamati, droo, kimya. Hasa kimya. Nilikipima vizuri. Nimekitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani.

Wafanyakazi walicheka kila mahali walipotakiwa kucheka.

Jioni mkuu kajibu. Kashukuru kwa juhudi. Kasema watarudia vipindi vya zamani, vya Omari, kila siku saa tisa mchana. Watu hawajamchoka.

Nimevua suti. Nimekaa nayo mapajani. Nina miaka hamsini na mbili na hakuna mtu aliyewahi kunicheka.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda Mambrui. Sikupiga simu kwanza. Nilibisha hodi mara tatu, na mara ya tatu Maimuna akafungua. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Akaacha mlango wazi, akarudi ndani.

Omari alikuwa kwenye kiti cha kamba mbele ya televisheni. Kanzu safi, kofia, kucha zimekatwa. Kakonda. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akanisogezea kigoda. "Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Barani."

"Ah. Mbali."

Saa tisa *Wadi Yetu* ikaanza. Hawakurudia cha zamani sana. Walirudia kile cha kupotea njia. Mtu mwenye suti kubwa anakwenda kushoto, anarudi, anakwenda kulia. Kicheko kimepachikwa. Nilimtazama Omari nione kama atajitambua. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, hacheki. Yule wa kwenye kioo akamshika mwigizaji mkono, akamwuliza anatoka wapi, na mwigizaji akacheka.

Omari akanigeukia. "Huyu mzee," akasema, "hana watu wake?"

Maimuna alikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Hakuondoka. Alitaka kusikia nitakavyojibu.

Nikasema, "Anao."

"Basi na wamfuate. Asiachwe akazunguka hivyo." Kisha akarudi kutazama.

Tukatazama mpaka mwisho. Majina yakapita, na la mwongozaji likaja peke yake, kubwa. Omari akalisoma kwa sauti, kwa taabu, akiyashika maandishi kwa kidole hewani. Ka-ri-sa. Akaniuliza kama namjua.

Nikasema simjui.

Maimuna akaja akazima televisheni, akaweka bakuli la uji mbele ya mumewe, akakaa chini akaanza kumlisha. Anapuliza kijiko kwanza. Nilikaa kidogo. Kisha nikaaga. Omari akaniambia nisalimie nyumbani.

Nilifika Barani kabla ya magharibi. Kulikuwa na upepo. Nikaanua nguo.